Kuchagua maiki ya kompyuta kwa maongezi ya kawaida, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila mara. Ninunue maiki gani ya kuongea na wenzangu kwenye Discord, ile programu ya maongezi ya sauti? Mbona nikichomeka eafoni za simu kwenye kompyuta nasikia, ila sisikiki? Ile maiki ya studio inayouzwa pamoja na stendi yake itanifaa? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, tangu kukagua kompyuta yako mpaka kuondoa mvumo. Unamlenga anayepiga soga, anayecheza gemu na wenzake, anayehudhuria vikao vya Zoom au anayewapigia ndugu walio mbali kwa WhatsApp ya kompyuta. Anayerekodi muziki ana mahitaji mengine.

Shika jambo moja kabla hujatoa pesa. Usikike vipi huamuliwa kwanza na umbali kati ya mdomo na maiki, pili na chumba ulimo, na tatu ndiyo maiki yenyewe. Maiki ya bei ndogo iliyo vidole viwili kutoka mdomoni huishinda ya bei kubwa iliyosimama mwisho wa meza. Kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti yako inayofika kwenye maiki hupungua kwa desibeli 6 hivi, ilhali kelele ya feni na mwangwi wa ukuta hubaki palepale. Ushauri wote unaofuata umejengwa juu ya hilo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kompyuta ile ile utakayoitumia. Matundu hutofautiana, hivyo kujaribu kwenye ya jirani hakusaidii.
- Eafoni za simu zenye waya na maiki, zile zenye kitufe kwenye waya.
- Programu ya kurekodi. Windows 11 ina Sound Recorder, Windows 10 ina Voice Recorder, na Mac ina QuickTime. Kwenye Linux fungua terminali uandike `arecord -d 30 -f cd jaribio.wav`.
- Tochi ya simu, ya kumulika matundu.
- Mtu mmoja wa kujaribu naye kwa dakika tano.
- Bando la kutosha. Chumba cha sauti cha Discord kikiachwa kama kilivyo hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, yaani kama MB 29 kwa saa nzima ya mtu mmoja kuongea mfululizo. Unapakia sauti yako na unapakua ya kila anayeongea, kwa hiyo watu wanne wenye maneno mengi hula zaidi ya wawili.

Hatua ya 1: Jirekodi kwa ulichonacho

Usinunue kitu bado. Keti kama unavyoketi siku zote, fungua programu ya kurekodi, kisha rekodi nusu dakika: sekunde tano za kimya, maneno machache kwa sauti yako ya kawaida, halafu maneno mengine huku unaandika kwenye kibodi. Rudia huku pangaboi linazunguka, kama huwa unaliwasha. Fanya hivyo kwa maiki ya ndani ya laptopu, kisha kwa eafoni za simu (hatua ya 2 inaeleza zinaingia wapi).

Sikiliza rekodi zote kwa eafoni. Spika za laptopu hazitoi sauti nzito vizuri, hivyo huficha mvumo ambao mwenzako mwenye hedifoni atausikia.

Wengi wanaweza kuishia hapa. Eafoni zenye waya zilizokuja na simu nzuri zinatosha kabisa kwa soga, na kama rekodi yake iko safi, pesa yako ibaki mfukoni. Maiki ya laptopu ndiyo mara nyingi yenye shida: imekaa jirani na kibodi na feni ya ndani, huku mdomo wako uko nusu mita au zaidi. Inanasa vidole vyako kuliko maneno yako.

Hatua ya 2: Kagua matundu na pini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo usiharakishe.

Mulika ubavu wa laptopu. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zina tundu moja tu la milimita 3.5, lenye alama ya hedifoni yenye maiki. Tundu hilo hutoa sauti na kupokea maiki kwa pamoja. Kompyuta za mezani na laptopu za zamani huwa na mawili: la kijani ni la kusikiliza, la waridi ni la maiki.

Sasa tazama pini ya eafoni au hediseti (hedifoni yenye maiki yake). Hesabu mistari ya plastiki inayozunguka chuma. Mistari mitatu maana yake chuma kimegawanyika sehemu nne: sikio la kushoto, sikio la kulia, ethi (njia ya pamoja ya kurudisha umeme) na maiki. Mistari miwili maana yake sehemu tatu, na pini ya namna hiyo hubeba kusikiliza tu au maiki tu, haibebi vyote viwili.

Linganisha:

- Pini moja ya mistari mitatu na tundu moja la pamoja: chomeka, basi.
- Pini moja ya mistari mitatu na matundu mawili: tafuta adapta ya Y yenye mdomo mmoja wa kupokea na pini mbili za kuchomeka.
- Hediseti yenye pini mbili na tundu moja la pamoja: tafuta Y ya upande wa pili, yenye midomo miwili na pini moja ya mistari mitatu.
- Laptopu isiyo na tundu lolote la duara: adapta ya USB yenye chipu ya sauti ndani yake, au nunua kifaa cha USB moja kwa moja.

Onyo la kwanza. Dukani kuna Y ya tatu inayofanana sana na hizo, ile ya watu wawili kusikiliza simu moja. Haibebi maiki hata kidogo. Utaijua kwa pini yake yenye mistari miwili na kwa midomo yake yote miwili kuwa ya hedifoni. Ukimwambia muuzaji "nataka Y" bila kufafanua, kuna uwezekano mkubwa atakupa hiyo.

Onyo la pili. Adapta nyingine za USB-C zilizotengenezewa simu hazina chipu ya sauti, zinategemea simu yenyewe itoe sauti kupitia tundu la USB-C. Kwenye laptopu hubaki kimya. Ichomeke dukani kwenye laptopu yako. Ikiwa na chipu, jina jipya litatokea kwenye orodha ya vifaa vya sauti ndani ya sekunde chache.

Onyo la tatu linahusu eafoni za simu za zamani. Zipo zilizounganishwa kwa mpangilio ambao ethi na maiki zimebadilishana nafasi. Dalili yake haifichiki: unasikiliza muziki, sauti ya mwimbaji imedidimia na vyombo viko mbali, lakini ukikandamiza kitufe cha kwenye waya kila kitu kinarudi sawa. Kuna adapta ndogo ya kugeuza nafasi hizo, ila kwa kawaida ni nafuu zaidi kutafuta eafoni nyingine.

Hatua ya 3: Amua aina ya maiki kulingana na unavyokaa

*Hediseti yenye waya* ndiyo chaguo la kwanza kwa karibu kila mtu anayesoma mwongozo huu. Mkono wake huiweka maiki karibu na mdomo hata ukigeuka, ukiegemea au ukiinuka kidogo. Pia inamaliza tatizo la wenzako kujisikia wenyewe, kwa sababu sauti zao zinabaki masikioni mwako. Mtu anayeishi Dar es Salaam, Mombasa, Tanga au Zanzibar aangalie sana mito ya masikio: ngozi ya bandia hutoa jasho na baada ya muda huanza kubanduka vipande vipande, hivyo ya kitambaa inastahimili joto letu zaidi. Uzito nao ni muhimu kuliko mwonekano. Taa za rangi hazimsaidii anayekusikiliza.

*Maiki ya mezani ya USB*, kama HyperX SoloCast, Blue Yeti au Fifine, inamfaa asiyependa kuvaa kitu chenye mkono usoni, mwenye chumba kitulivu na meza yenye nafasi. Bado utahitaji hedifoni za kusikilizia. Watu hulisahau hili, wananunua maiki nzuri halafu wanaacha spika wazi, na kila anayeongea anasikia sauti yake ikimrudia.

*Maiki ya kubana kwenye nguo* ni ya bei ndogo na inasikika vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Boya BY-M1 imeenea sana: kebo ya mita 6, pini ya mistari mitatu, na kisanduku chenye swichi na betri ndogo ya LR44. Kwenye laptopu yenye tundu la pamoja, swichi ikae upande wa simu. Ikikaa upande wa kamera sauti inaweza kutoka hafifu au isitoke. Lakini fikiria kwanza: tundu likishachukuliwa na maiki hiyo, utasikilizia wapi? Huna njia isipokuwa uwe na hedifoni za Bluetooth, adapta ya USB, au Y yenye midomo miwili. Kwenye Y hiyo, mdomo wa maiki hutengenezewa pini ya mistari miwili, kwa hiyo hakikisha dukani kwamba maiki yako ya mistari mitatu inafanya kazi humo.

*Hediseti ya Bluetooth* ina kasoro ambayo sanduku halitaji. Bluetooth ya kawaida hupeleka muziki mzuri kwa njia moja tu, kutoka kompyuta kwenda masikioni. Maiki yake ikiitwa kazini, kifaa hubadili mtindo na kuwa kama simu: sauti hukatwa mpaka sampuli za kHz 8 au 16 (yaani hupimwa mara elfu 8 au 16 tu kwa sekunde), na gemu au muziki unaousikiliza hugeuka mono (sauti ile ile masikio yote mawili) na kufifia. Kifaa hakijaharibika. Dawa ni kutumia Bluetooth kwa kusikiliza tu, na kwenye orodha ya maiki uchague nyingine, hata ile ya laptopu. Kwenye Windows 10 utaona majina mawili ya hedifoni zako, moja lina neno "Stereo" na jingine "Hands-Free". Chagua la Stereo kwa kusikiliza. Kuna Bluetooth mpya, LE Audio, inayopunguza tatizo hili, lakini kompyuta na hediseti zote mbili lazima ziwe zinaijua.

*Maiki ya karaoke na maiki ya studio ya XLR* (plagi nene ya duara yenye pini tatu) usinunue kwa kazi hii. Ya karaoke yenye pini nene ya milimita 6.35 hutoa umeme mdogo mno kwa tundu la waridi. Hata ukipata adapta ya kuipunguza utalazimika kupandisha kiwango mpaka mvumo wa hewa ufunike maneno. Nayo BM-800 na ndugu zake, zinazouzwa kama seti ya studio pamoja na stendi, sponji na chujio, ni maiki za kondensa zinazotaka volti 48 kutoka kwenye kifaa maalumu. Waya wa XLR kwenda 3.5 uliomo sandukuni unaipa volti chache tu za kompyuta. Inasikika kwa mbali, na mvumo juu yake. Ukiongeza gharama ya kifaa cha volti 48 na kadi ya sauti, ungekuwa umeshanunua maiki ya USB iliyo tayari.

Hatua ya 4: USB au pini ya 3.5?

Pini ya 3.5 hutegemea kadi ya sauti iliyomo ndani ya kompyuta, na ubora wa kadi hizo haulingani. Laptopu moja iko kimya, nyingine ina mvumo wa umeme wakati wote. Rekodi yako ya hatua ya 1 imeshakupa jibu: sikiliza zile sekunde tano za kimya za eafoni. Kama unasikia tu chumba, pini ya 3.5 inatosha. Kama kuna mlio mwembamba, au sauti zinazobadilika unaposogeza kipanya, kadi ya ndani ni chafu, na maiki yoyote ya 3.5 utakayoichomeka, iwe ya bei gani, itachafuka vilevile.

Kifaa cha USB kina kadi yake mwenyewe, kwa hiyo kinaikwepa ile ya ndani. Si lazima uwe na hediseti ya USB. Kuna adapta ndogo za USB zenye matundu mawili ya 3.5, na ukiunganisha hediseti yako ya zamani kwa hiyo unapata matokeo yale yale kwa gharama ndogo. Kwa kompyuta ya mezani ya zamani ndiyo tiba ya kwanza ya kujaribu.

Hatua ya 5: Nunua ukiwa na laptopu mkononi

Iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, omba kujaribu kabla ya kulipa. Muuzaji wa kweli hakatai.

1. Chomeka, subiri jina lake litokee kwenye orodha ya maiki, rekodi sekunde kumi.
2. Huku inarekodi, pindapinda waya karibu na pini, kisha pale unapoingia kwenye hediseti. Hapo ndipo hukatika. Ukisikia mkwaruzo au kukatika, rudisha.
3. Washa na uzime swichi ya maiki mara kadhaa, kisha sikiliza kama kweli inazima.
4. Inamisha kichwa uone kama mkono wa maiki unabaki ulipouweka.
5. Uliza muda wa dhamana, na uandikwe kwenye risiti.

Soma sanduku kwa uangalifu. "Noise cancelling" kwenye hedifoni mara nyingi humaanisha kelele zinazopunguzwa masikioni mwako, na haisemi lolote kuhusu wanachosikia wenzako. Tafuta maneno yanayoitaja maiki yenyewe. Namba kama 24-bit/192 kHz usizilipie: Opus, njia ya kubana sauti inayotumiwa na Discord na programu nyingine nyingi, haizidi kHz 48, hivyo ziada yote hutupwa kabla haijatoka nyumbani kwako.

Hatua ya 6: Iweke mahali pake

Hediseti: maiki ikae pembeni mwa mdomo, usawa wa kona ya midomo, vidole viwili kutoka shavuni. Ikiwa mbele kabisa ya mdomo, kila "p" na "b" inapiga mshindo na pumzi zako zinasikika. Angalia pia imegeukia wapi: mikono mingi huzunguka, na tundu dogo la maiki linaweza kuwa linatazama nje.

Maiki ya mezani: kati ya sentimita 10 na 20, yaani isizidi shibiri moja. Ikiwa stendi yake ni fupi, inyanyue kwa vitabu viwili vitatu, na chini yake weka kitambaa kilichokunjwa ili mitetemo ya kibodi isipite kwenye meza. Maiki kama Yeti na QuadCast huongelewa ubavuni, upande wenye nembo, wala si kwenye ncha ya juu. Wanaoielekeza ncha mdomoni hulalamika kwamba sauti ni ndogo na imefifia. Ikiwa ina kitufe cha kuchagua mwelekeo, weka alama yenye umbo la moyo: hiyo hupokea mbele na kupunguza nyuma. Kisha geuza mgongo wake uelekee kibodi au feni.

Ya nguoni: shibiri moja chini ya kidevu, mahali ambapo kola, mkufu au ushungi hautaisugua.

Sponji ya maiki huzuia upepo wa feni na wa pumzi unaogonga kichwa cha maiki. Haizuii kelele. Kama pangaboi linavuma juu yako, dawa ni kusogea karibu na maiki na kupunguza kiwango cha kupokea.

Chumba chenye kuta za saruji, sakafu ya vigae na madirisha matupu kitakufanya usikike kama uko bafuni. Pazia zito, godoro lililoegemezwa ukutani nyuma yako, au kabati la nguo lililoachwa wazi husaidia. Vipande vyembamba vya sponji ya mapambo ukutani havifanyi mengi. Na mvua ikishuka juu ya mabati, hakuna maiki itakayokuokoa isipokuwa iliyo karibu sana na mdomo.

Hatua ya 7: Panga kiwango kwenye kompyuta

Windows: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `mmsys.cpl`, bonyeza Enter. Nenda kwenye "Recording". Ongea, uone ni mstari upi unapanda: huo ndio wa maiki yako. Uteue uwe wa kawaida wa mfumo. Bonyeza mara mbili, fungua "Levels", anza na 80. Ongea kama unavyoongea ukicheka na rafiki. Mstari ucheze kati ya nusu na robo tatu, usigote juu. Maiki za 3.5 huwa na "Microphone Boost" hapo chini: anza na sifuri, ongeza +10 dB pekee, na +20 ikiwa hakuna budi. Ikihitaji +30 ndipo usikike, maiki iko mbali mno, au si ya tundu hilo.

Mac: mipangilio ya mfumo, Sound, kisha Input. Linux: fungua `pavucontrol`. Kama maiki haionekani, nenda kwenye kichupo cha "Configuration" uchague mpango wenye neno Input.

Hatua ya 8: Panga programu ya maongezi

Chagua maiki kwa jina lake. Ukiacha "Default", siku utakapochomeka kamera mpya, programu inaweza kuhamia kwenye maiki ya kamera bila kukuambia.

Kupunguza kelele kuwe sehemu moja tu. Watu huwasha ya kadi ya sauti, ya Windows na ya Discord kwa pamoja, kisha mwanzo na mwisho wa kila neno unaliwa. Zima nyingine, acha ya programu ya maongezi.

Kwenye Discord, kama kuna watoto, televisheni au barabara karibu, tumia mtindo wa kubonyeza kitufe ndipo uongee. Chagua kitufe usichokitumia kwenye gemu. Ukipendelea maiki ifunguke yenyewe, panga mpaka wake kwa mkono: kaa kimya na feni ikiwa imewashwa, weka mpaka juu kidogo ya kelele hiyo, kisha tamka neno la taratibu uone kama linapita.

Hatua ya 9: Jaribu na mtu

Discord ina kipimo cha maiki kwenye mipangilio ya sauti, na Zoom ina kikao cha majaribio kwenye zoom.us/test. Baada ya hapo mpigie mtu mmoja. Usimuulize "unanisikia?" maana atajibu ndiyo. Muulize: sauti yangu ni ndogo au kubwa kuliko ya wengine? Unasikia feni? Unajisikia mwenyewe? Herufi za mwanzo zinakatika?

Shida zinazojitokeza sana

*Hakuna sauti kabisa.* Angalia swichi ya kwenye waya kwanza. Kisha faragha: kwenye Windows fungua Settings, Privacy, Microphone, na ruhusu pia programu za kawaida za kompyuta, ambazo zina swichi yake ya pekee chini zaidi. Kwenye Mac, ukishairuhusu programu, ifunge na uifungue upya. Mwisho rudi hatua ya 2, huenda pini ya mistari mitatu imechomekwa kwenye tundu la kijani.

*Mvumo unaopotea ukichomoa chaja.* Umeme unaingia kupitia chaja, mara nyingi kwa sababu tundu la ukutani halina ethi inayofanya kazi au umetumia plagi ya pini mbili. Jaribu tundu lingine, tenganisha waya wa maiki na wa chaja, au ongea kwa betri. Usikate pini ya ethi wala kuichomoa kwa namna yoyote, hiyo ni kinga ya uhai wako. Fundi umeme aikague.

*Wenzako wanajisikia wenyewe.* Spika zako ziko wazi, au hedifoni ziko juu mno na maiki inazinasa. Wakisikia gemu lako lote kwa usafi, angalia kama umechagua "Stereo Mix", inayonasa sauti yote ya kompyuta, badala ya maiki.

*Unajisikia mwenyewe.* Kwenye `mmsys.cpl`, fungua maiki, kichupo cha "Listen", ondoa alama. Baadhi ya hediseti za USB hufanya hivyo kwa makusudi ili usipige kelele. Hapo punguza tu.

*Sauti inapanda na kushuka yenyewe.* Programu inarekebisha kiwango. Zima marekebisho hayo ya kujiendesha kwenye Discord au Zoom, kisha rudia hatua ya 7.

*Gemu na muziki vinafifia simu ikianza.* Ikiwa si Bluetooth, kwenye `mmsys.cpl` fungua "Communications" uchague kutofanya lolote. Windows huja ikiwa imepangwa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80.

*Mikwaruzo kwenye maiki ya USB.* Iondoe kwenye habu (kigawanyio cha matundu ya USB), ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwenye ya mezani tumia matundu ya nyuma.

*Sauti ya roboti, au maneno yanakatika vipandevipande.* Jirekodi kwenye kompyuta bila intaneti. Rekodi ikiwa safi, maiki yako haina kosa: sogea karibu na ruta au tumia kebo, simamisha upakuaji unaoendelea, na kama unatumia simu kutoa intaneti, isogeze dirishani.